Kwa wauguzi wapya wa kitengo cha kusafisha damu

Wadogo zangu, zamu ya kwanza macho yenu yatakwenda kwenye mashine: taa, kengele, mirija yenye damu inayozunguka. Mashine mtaizoea. Kumjua mtu aliyelala kando yake ndiko kunakochukua miaka.

Pigeni hesabu. Wengi huja mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Hizo ni saa 12 kati ya 168. Saa 156 zilizobaki hana mashine wala figo za kumtosha. Ana jiko lake na kikombe chake.

Kwa hiyo anzeni na mzani. Kilo moja iliyoongezeka tangu alipotoka kwenu ni kama lita moja ya maji aliyoshindwa kuyakojoa. Akija amezidi kilo 4, msikimbilie kuyavuta yote siku hiyo: presha itaporomoka na atabanwa na misuli hadi alie. Zungumzeni na daktari kwanza. Na msimfokee.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilifoka. Mwaka wangu wa kwanza nilimkaripia mama mmoja mbele ya wenzake kwa uzito aliokuja nao. Akainamisha kichwa, na tangu hapo kila nilipomuuliza alikula nini alinijibu, "Uji tu, mwanangu." Jumatatu moja akaletwa miguu imelegea, mapigo ya moyo yako chini. Potasiamu ilikuwa imepanda mno. Binti yake ndiye aliyetuambia: Jumapili alikunywa madafu mawili, jirani kamwambia dafu husafisha figo. Tulimuwahi. Lakini angeniuliza mimi kabla ya kunywa, kama nisingemfunga mdomo.

Dafu lina potasiamu nyingi. Mwenye figo nzima huitoa kwa mkojo. Kwa huyu hubaki kwenye damu na inaweza kuusimamisha moyo. Ndizi, parachichi na viazi navyo vimo. Msiishie kumkataza, mfundisheni kupika: viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yale yamwagwe. Lirudieni hilo hasa kabla ya lile pengo refu la mwisho wa wiki, anapokaa bila mashine.

Mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate damu, haupimwi presha, hautolewi damu, hauwekewi dripu. Mfundisheni mwenyewe kukataa, hata akiwa wodi nyingine, na kuugusa kila asubuhi. Mtetemo ukipotea, aje siku hiyohiyo.

Halafu kuna wanaosubiri kwenye benchi nje. Kisukari na presha ndizo zinazotujazia vitanda, na figo huharibika muda mrefu bila kuuma. Mkipata nafasi, wapimeni nao. Kijana mmoja aliyekuwa akimleta baba yake nilimfunga mkanda wa presha: 170 kwa 110. Akaniambia haumwi popote. Nilimpeleka mwenyewe kliniki, nikasubiri mpaka wakapima kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na protini kwenye mkojo.