Nguvu za Kuinuka Mkekani

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 67, naishi Tanga. Nilipokuwa kazini nilishinda nimesimama darasani, na jioni nililima kishamba changu cha mihogo. Tangu nistaafu, wanangu wamenikataza jembe na hata ndoo ya maji; kila ninaponyanyua kitu husikia, “Pumzika, baba, umeshafanya kazi ya kutosha.” Mwezi uliopita nilihudhuria hitima kwa jirani, nikakaa mkekani pamoja na wenzangu. Dua ilipokwisha, miguu ilikataa kuniinua, na vijana wawili wakanishika makwapani wakaninyanyua mbele za watu. Nilirudi nyumbani nimefadhaika. Natumia dawa za shinikizo la damu, na goti la kulia huniuma ninapopanda ngazi. Kila siku natembea kwenda msikitini na kurudi, dakika 15 kwenda na 15 kurudi. Je, hiyo haitoshi? Na kwa umri huu mazoezi yatanifaa, au nitajiumiza bure?
Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nakushukuru kwa kuliandika jambo ambalo wazee wengi hulificha. Mtu akishashindwa kuinuka mara moja mbele za watu, safari inayofuata huomba kiti, halafu huanza kuaga mapema, na mwishowe huacha kabisa kwenda kwenye shughuli, kumbe kilichopungua ni nguvu za mapaja tu.

Kutembea kwako ni jambo jema na usikuache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na wewe, kwa nusu saa ya kila siku, unafikia 210, ili mradi mwendo wako ukuongezee pumzi kidogo huku ukiweza kuzungumza. Lakini mwongozo huohuo unataka pia mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili kwa wiki, na mazoezi yanayochanganya nguvu na usawa wa mwili angalau siku tatu. Haya ndiyo yaliyoondoka nyumbani kwako pamoja na jembe na ndoo.

Misuli ya binadamu huanza kupungua taratibu tangu akiwa na miaka 30 hivi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Zinazopungua zaidi ni zile nyuzi za misuli zinazofanya kazi kwa haraka, ambazo humwinua mtu kutoka chini na kumdaka anapojikwaa. Kutembea kwenye njia tambarare hakuzitumii sana. Kuzijenga kunahitaji kazi nzito kidogo kuliko ile mwili uliyoizoea.

Kuhusu umri, ondoa shaka. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee kumi dhaifu waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi. Walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu, chini ya uangalizi, kwa wiki nane, na nguvu za mapaja yao zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wewe una miaka 67, Mwalimu, na bado unajiendea msikitini kwa miguu yako.

Anza na kiti. Chagua kiti kigumu kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Kaa karibu na ukingo, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga sakafu, visigino nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani, inamia mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kisha simama. Unaporudi kukaa, usijiangushe: shuka polepole huku ukihesabu moja, mbili, tatu, kwa maana kule kushuka nako kunajenga misuli. Usibane pumzi, itoe unapoinuka, kwa sababu kuibana hupandisha shinikizo la damu ghafla. Fanya mara nane hadi kumi, upumzike, kisha urudie mizunguko miwili, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Ikiwa hutaweza bila mikono, kunja blanketi juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi, na upunguze mikunjo kadiri wiki zinavyopita.

Kabla hujaanza, jipime. Mwambie mjukuu ashike saa, uhesabu unasimama mara ngapi kwa sekunde 30 huku mikono ikiwa kifuani. Kwa mwanamume wa miaka 65 hadi 69, chini ya mara 12 ni dalili ya udhaifu wa miguu. Andika idadi hiyo katika daftari, ujipime tena baada ya wiki sita.

Baada ya wiki chache, rudi mkekani. Usijaribu kunyanyuka moja kwa moja: geuka ubavu, piga magoti, tanguliza mguu wenye nguvu, weka mikono juu ya paja au kiti kilicho mbele yako, kisha sukuma. Weka mto mwembamba chini ya goti linalouma. Goti hilo lisikutishe. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, haina mishipa ya damu, hivyo hupata lishe kutokana na majimaji ya kiungo, ambayo huzunguka tunapokunja na kukunjua. Maumivu kidogo yanayotulia siku hiyohiyo hayana neno, ila goti likivimba, punguza na umwone daktari. Mwone pia kabla ya kuanza, kwa ajili ya dawa zako, na uache mazoezi mara moja ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu.

Misuli haijengeki kwa chai na mkate. Kila mlo uwe na kunde, maharage, dagaa, samaki au yai, isipokuwa kama daktari amekuwekea mipaka kwa sababu ya figo.

Wanao wanakupenda, na sina shaka na nia yao, lakini naomba wasome hapa: kumnyang'anya mzee mwenye uwezo kila kazi si kumheshimu, ni kumdhoofisha. Mrudishieni baba jembe la asubuhi, na aanze kubeba dumu la lita tano kila mkono.

SWALI: Mama yangu ana miaka 78. Aliteleza bafuni, hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo hatoki kitini, na sisi humletea kila kitu. Tunafanya sawa?
Binti, Nairobi

JIBU: Hapana, ingawa naielewa hofu yenu. Woga wa kuanguka humfanya mtu aache kutembea, miguu ikadhoofika, na hatari ya kuanguka ikazidi. Kwanza tengenezeni bafu: mkeka wa mpira usioteleza, kishikio kilichofungwa imara ukutani, na taa ya usiku njiani. Kisha, mara kadhaa kwa siku, asimame akiwa ameshika meza nzito, nawe nyuma yake, akitanguliza mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kwa sekunde kumi. Asubuhi aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, maana dawa kadhaa hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama ghafla. Mpeleke akapimwe macho, na umwone daktari mkiwa na dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na zile alizojinunulia mwenyewe.