Usiandike "barafu" kabla hujapima mpasuko

Weka kalamu chini kwanza. Unasema una kokoto zenye michirizi kutoka Grand Conglomerat ya Katanga, ule mwamba wa kale wa tope gumu lenye kokoto huko Kongo, na unauliza kama michirizi yatosha kuthibitisha kuwa barafu ya kale ndiyo iliyoichora. Michirizi haitoshi. Haitoshi kabisa!

Miamba hiyo ilikunjwa na kusukumwa baadaye, kati ya miaka milioni 600 na 500 iliyopita. Tope gumu likibanwa hivyo, kokoto zilizomo husuguliwa na kuchorwa michirizi inayopendeza kuliko ya barafu yenyewe. Yangu niliipiga picha nikaiweka mbele kabisa ya tasnifu. Mtahini akaokota kokoto moja, akaigeuzageuza dirishani: "Mbona yote inaelekea upande mmoja? Na hizi nyuzi za kwatzi?" Nyuzi hizo za madini huota mwamba ukibanwa; tangu lini barafu ikaotesha kwatzi? Sura nzima ikafutwa, karo ya mwaka mwingine ikalipwa, na mamangu mpaka leo huuliza kama yale mawe yalipata mnunuzi.

Aliyenipoteza ni msimamizi wangu. Aliangalia picha kwenye simu akiwa kwa jam, akajibu: "Barafu hiyo, andika." Angekuwa makanika ningemdai pesa zangu.

Na jiwe lililokaa peke yake kwenye tabaka laini lisikutie wazimu. Lililodondoka kutoka barafu inayoelea hupinda au kutoboa tabaka za chini, kisha za juu hulifunika polepole. Ukiona mistari imelizunguka juu na chini sawasawa, huenda huo ni mpasuko wa mbano, yaani nyufa nyembamba sambamba ambazo mwamba hupata ukibanwa, wala si tabaka. Mwamba wa Squantum, karibu na Boston, Marekani, wanajiolojia waliuita kazi ya barafu miaka mingi kabla wengine hawajaonyesha dalili za maporomoko ya tope chini ya maji. Kwa hivyo sikuwa mjinga peke yangu.

Chukua dira. Pima mpasuko, halafu michirizi, kokoto ikiwa bado imeshikwa na mwamba. Vikielekea upande mmoja, usitaje barafu. Michirizi ikikatana pande tofauti kwenye uso uliosagwa bapa, na ikiendelea hadi chini ya tope ambalo halijateleza, hapo tuongee. Hizo ulizozoa kwenye gunia bila kuzitia alama ya mwelekeo, zuilia mlango.