Filamu ya Mtandaoni na Zile Siku Saba za Ukumbini

Msomaji ameandika kwa uchungu. Filamu yake ya dakika 100 inatoka mtandaoni, na wenzake wameshaibatiza "kitu cha kwenye simu". Je, inastahili heshima sawa na ya ukumbini? Inastahili, bila kupunguziwa. Mwaka 2022 CODA, filamu ya Apple TV+, ilitwaa Oscar ya filamu bora, na ubishi wa ubora uliishia pale. Uliobaki ni ubishi wa taratibu, na hapo ndipo filamu nzuri zinapozama.

Oscar wanataka ukumbi utangulie. Siku 7 mfululizo, tiketi zinauzwa, katika mojawapo ya maeneo sita ya Marekani: Los Angeles, New York, Ghuba ya San Francisco, Chicago, Atlanta au Dallas-Fort Worth. Maonyesho yasipungue matatu kwa siku, na mojawapo lianze kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku. Mtandaoni unaruhusiwa kutoka siku ileile ya kwanza. Ukitangulia, umejitoa mwenyewe. Kwa tuzo ya filamu bora, tangu filamu za 2024, ongeza siku 7 katika masoko 10 kati ya 50 makubwa ya Marekani, ndani ya siku 45 tangu filamu itoke.

Matamasha ya filamu hayafanani. Mwaka 2018 Cannes walikataa shindanoni filamu isiyo na mpango wa kumbi za Ufaransa. Mwaka huohuo Venice wakaipa Roma ya Netflix Simba wa Dhahabu, tuzo yao kuu. Basi soma kanuni kabla ya kulipa ada, usinung'unike baadaye.

Sasa mafundi. Ukumbi haupokei faili uliyopeleka mtandaoni, unataka DCP, yaani kifurushi cha kidijitali cha picha na sauti kwa ajili ya kumbi, na DCP ya kawaida hukimbia fremu 24 kwa sekunde. Kazi nyingi za mtandaoni ziko 23.976. Tofauti ni sehemu moja kwa elfu, ndiyo maana inadharauliwa. Picha ikiharakishwa na sauti ikaachwa ilivyo, mwisho wa dakika 100 midomo imeitangulia sauti kwa sekunde 6. Sauti lazima iharakishwe pamoja na picha.

Mchanganyo wa sauti nao ufanywe upya. Ule wa nyumbani umebanwa ili mnong'ono usikike sebuleni. Kwenye ukumbi uliopimwa kwa desibeli 85, mnong'ono huo unageuka kelele.

Ukifunga DCP kwa ufunguo wa kidijitali, yaani KDM, ufunguo hufanya kazi kwenye mashine moja na kwa muda uliopangwa. Kosea saa za eneo, watu watakaa na bisi mkononi wakitazama giza. Upangwe ufunguke siku moja kabla, ili mtu wa projekta apate kujaribu. Na jaribio lenyewe msiishie dakika moja ya mwanzo, maana hapo midomo na sauti bado vinaonekana kwenda pamoja. Ruka hadi mazungumzo ya mwisho kabisa, utazame midomo.