Postikodi haipimi umbali

SWALI: Nauza vitenge Kariakoo na natuma mizigo Dar nzima kwa bodaboda. Fundi wa tovuti yangu kaniwekea programu inayochukua postikodi ya mteja, inatoa namba ndogo kwenye kubwa, na jibu linageuzwa nauli. Wateja wa Kigamboni wanalalamika. Nirekebishe wapi?

JIBU: Dada yangu, hapo hakuna cha kurekebisha. Futa yote. Jambo hili naletewa kila mara, na linaniudhi kwa sababu mtu kalipwa pesa kuliandika.

Tarakimu tano za postikodi zetu hufuata mkoa, wilaya na kata. Hazifuati kilomita. Kivukoni huanza na 11, Kigamboni na 17: ukizitoa unapata maelfu, na kata hizo zimetengwa na mlango wa bandari tu, pantoni inavuka kwa dakika chache.

Njia sahihi ni kuwa na latitudo na longitudo ya kitovu cha kila kata, kisha kutumia fomula ya havasaini, yaani hesabu ya umbali kati ya nukta mbili juu ya uso wa dunia ya mviringo, nusu kipenyo cha dunia kikiwa kilomita 6,371 na nyuzi zikigeuzwa kwanza kuwa radiani (kipimo kingine cha pembe). Angalia alama ya kutoa: Dar iko kama nyuzi 6.8 kusini, kwa hiyo latitudo ni -6.8. Fundi akiidondosha, duka lako linahamia Ethiopia. Akibadilishana latitudo na longitudo, linaangukia Hispania. Nimeyaona yote mawili kwenye mifumo inayotoza wateja pesa halisi.

Hata ukipata jibu safi, huo ni umbali wa angani. Bodaboda harushwi juu ya maji. Asipopanda pantoni atazunguka Kurasini apite Daraja la Nyerere, na petroli inayoungua ni yake. Tena kitovu cha kata si mlango wa mteja. Kwenye kata kubwa za pembezoni vinaweza kuachana kilomita kadhaa. Postikodi ikupe makadirio tu. Nauli ipigwe kwa umbali wa barabara, kutoka lokesheni aliyotuma mteja mwenyewe.

Na ninyi wengine mnaouziwa majedwali ya "umbali wa postikodi zote Tanzania", mwulizeni muuzaji: vitovu kavitoa wapi, na huo ni umbali wa angani au wa barabara? Mpeni Kivukoni na Kigamboni. Akitoa namba moja bila kuuliza kama mzigo unapita pantoni au darajani, msimlipe.