Jibu: Kwa nini 4WD inazungusha matairi mawili tu kwenye tope

Mkuu, umeuliza kwa nini Toyota RAV4 yako ya 2008 ilikwama kwenye tope njia ya Makete, mkoani Njombe, tairi moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka bure, wakati ni 4WD (gari la kuvutwa na matairi yote manne). Gari lako ni zima. Hiyo ni tabia ya difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kati ya tairi la kushoto na la kulia.

Muda mwingi gari hilo linavutwa na matairi ya mbele. Kompyuta ikihisi utelezi, inabana klachi ya umeme na kupeleka nguvu nyuma. Kazi ya klachi inaishia hapo. Kati ya kushoto na kulia kuna difu ya kawaida, nayo hupeleka mzunguko kwenye tairi lisilo na kizuizi. Kinachookoa ni breki: mfumo unalibana tairi linaloteleza, nguvu inahamia kwa mwenzake. Ukisikia mkwaruzo wa grr-grr chini, usiachie mafuta ghafla wala usiongeze. Shikilia hapo hapo, gari lijivute.

Bonyeza kitufe cha LOCK, kinachobana klachi hiyo, kabla ya kuingia topeni, siyo baada ya kukwama. Inajitoa ukizidi kama 40 km/h. Ukisugua muda mrefu klachi inachemka na kukatwa.

Ila mimi ningeanza na matairi. Udongo wa kule ukishiba mvua unajaza mifereji yote ya kashata za tairi la lami, na hapo 4WD haina cha kushika.

Halafu tafadhali, unaposhuka kutoka Kitulo: 4WD haikusaidii kusimama. Weka gia 2 au L (gia ndogo) mapema, kabla mteremko haujaanza.