Mkuu, futa hiyo aya ya Akutan kabla hujachapisha makala ya Hellcat

Simama hapo hapo. Umeuliza Hellcat, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zilitengenezwa ngapi, na kama aya yako ya kwanza imekaa sawa. Haijakaa sawa! Umeandika kwamba Wamarekani waliokota Zero, ndege ya kivita ya Kijapani, kisiwani Akutan, wakaichunguza, ndipo kampuni ya Grumman wakaunda Hellcat, ndege ya kurukia kwenye manowari, ili kuishinda. Maneno hayo hayo niliyaweka kwenye mabango tisa ya maonyesho ya klabu ya historia shuleni kwetu, nikayachapisha kwa pesa yangu.

Mzee mmoja mstaafu alisimama mbele ya bango la tatu. Akaweka kidole kwenye tarehe moja, akakihamishia kwenye nyingine. "Mwalimu, mtoto kamtangulia mama kuzaliwa?" Wanafunzi wangu walikuwa pembeni wanasikia. Jioni ile niliyabandua yote tisa.

Hebu tazama. Rubani wa Zero hiyo, Tadayoshi Koga, alianguka Akutan, Alaska, 4 Juni 1942. Magurudumu yalinasa kwenye kinamasi, ndege ikapinduka, akavunjika shingo. Wamarekani waliiona 10 Julai, wakairusha San Diego Septemba. Hellcat ya kwanza ya majaribio, XF6F-1, ilikuwa imeshapaa 26 Juni! Mkataba wake ni wa 30 Juni 1941, Wajapani hata hawajaishambulia Marekani kule Pearl Harbor. Ile yenye injini ya R-2800, nguvu za farasi 2,000, ilipaa 30 Julai, Zero ya Koga ikiwa bado haijakarabatiwa iweze kuruka tena.

Zero ile iliwafaa marubani. Walijua kwamba ikikimbia sana inakuwa nzito kulala upande, na ukiizamisha pua ghafla injini inazimika. Hayo ni ya vitani, si ya meza ya mchoraji.

Aliyeniingiza chaka ni msimulizi wa video moja: sauti nzito, ngoma nyuma, tarehe hata moja hakutaja. Nina hasira naye hadi leo, maana bado anawapoteza watu. Na msiniulize kwa nini nilimwamini; sauti ile ingemteka hata mkwe wangu, ambaye haamini mizani ya sokoni.

Kabla hujaandika kwamba ndege fulani ilizaa nyingine, panga siku zilizopaa mara ya kwanza, moja chini ya nyingine. Fanya hivyo leo leo.

Na Hellcat zilitengenezwa 12,275. Aya ile ukishaifuta, niwekee rasimu hapa niisome.