Lamu Januari: ushushie wapi boti

Kaka, umeuliza uishushe boti yako ya futi 18 Mombasa au Kilifi, uende Lamu Januari. Mimi nasema ivute kwa trela mpaka Mokowe, gati la bara mkabala na Lamu. Januari ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki: ukitoka kusini utakupiga omoni, yaani mbele ya boti, siku zote, na Ghuba ya Ungwana utakayoivuka njiani iko wazi, pa kujificha ni haba. Ukianzia Mokowe utazunguka visiwa vya Manda na Pate kwanza, kisha uteremke hadi Kilifi na upepo nyuma. Trela tupu dereva ailete Kilifi. Mkono wa bahari pale una kina na umetulia, ila ingia mchana uione miamba.

Shusha maji yakijaa, tope lisije likameza magurudumu. Na tafadhali, gusa kwanza vitovu vya magurudumu: vikiwa moto, subiri vipoe, la sivyo beringi zitavuta maji ya chumvi.